Cherehani Kikinyamaza

Filamu nzuri tuliijua kwa kimya cha cherehani. Fundi alikuwa ameweka televisheni juu ya kabati la vitambaa ili wateja wanaosubiri wasichoke, naye alishona huku ameinua kidevu, kama mtu anayenusa mvua. Filamu ikiwa ya hovyo, mguu wake ulikanyaga pedeli kwa hasira, na siku hiyo nguo za watu ziliisha mapema. Ikiwa ya wastani, alishona, akasimama kidogo, akasengenya, akashona tena. Ikiwa nzuri kweli, mguu ulisimama. Mteja aliyefuata gauni lake siku ya filamu nzuri alirudi mikono mitupu. Akilalamika aliambiwa, "Gauni lako halijafa. Kaa utazame."

Sisi tulipanga chumba nyuma ya kibanda chake, pale Nkuhungu, ukuta mmoja kati yetu na yeye. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujageuka, nikabaki na wadogo zangu watatu: Elia, Nyemo, na Baraka ambaye alikuwa bado anakojoa kitandani. Nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule, nikawa nakaanga maandazi asubuhi na kufulia watu mchana. Sitaki mtu anipe pole kwa hilo. Pole za jambo hilo nilishazipokea zote, na hakuna hata moja iliyochemsha maji ya ugali. Jioni tulijikusanya kwa Fundi, kwa kuwa kwake kulikuwa na taa, watu na maneno.

Majirani walimwita "Mama Fulani", kwa jina la binti yake aliyeolewa Chemba. Sisi tulimwita Fundi tu. Alitoka wapi, alizaliwa na nani, hakusema, nasi hatukuuliza. Aliwasalimia Wagogo "mbukwa" na wengine "habari", na wote waliondoka wakidhani ni wa kwao.

Yeye hakujali nani ameigiza wala filamu imetoka nchi gani. Alitazama nguo kwanza. Ilikuwa ikianza filamu ya kwetu hapa, mwanamke amefukuzwa na mume, amelala kando ya jalala analia, na chumba kizima kimeshaanza kuvuta kamasi, Fundi anapaza sauti.

"Mtazameni fukara huyo! Kitenge bado kina mikunjo ya dukani. Hakijaonja sabuni hata mara moja. Mtu anaanza shida na nguo mpya?"

"Fundi, tuache tulie," wanawake walimwambia.

"Lieni. Lakini mjue mnamlilia mtu aliyetoka kununua."

Alikuwepo kijana mmoja aliyesoma chuo, mpangaji wa nyumba ya pili, mcheshi, mwenyeji wa Mbeya. Yeye ndiye aliyethubutu kubishana naye.

"Mama, hiyo ni sanaa. Hawawezi kumvalisha matambara ya kweli."

"Kwa nini wasiweze? Waje kwangu, nimejaza gunia."

"Sawa. Sasa mbona zile za Kichina unazinyamazia? Mtu anaruka juu ya mapaa na joho jeupe, anapigana na watu ishirini, anatua, halina hata vumbi. Hapo jicho lako la fundi linakuwa limelala?"

Watu walicheka sana, maana alimshika. Fundi alikata uzi, akafikiri, uso umekunjamana.

"Ile ni tofauti."

"Tofauti gani?"

"Yule mrukaji hajaniambia kwamba yeye ni mimi."

Mwanachuo alikuna kichwa. Alisema atarudi na jibu, na sikumbuki kama alirudi nalo. Mimi neno lile lilinikaa. Ndiyo ilikuwa sheria yake yote, ingawa hakuiita sheria. Ukitaka kudanganya, danganya mbali, juu ya mapaa, na joho lako jeupe, atakufuata kwa furaha mpaka mwisho. Ukija kumwonyesha chumba chake, sufuria yake na msiba wake, basi uwe umevifahamu.

Kwa tamthilia za Kituruki hakuwa na msimamo hata kidogo. Alizitukana kila jioni. "Jiko kubwa kama zahanati, na hakuna anayekata kitunguu! Mwanamke anaamka na wanja! Hawa wanalala au wanalazwa?" Lakini ilipofika siku ya harusi ya yule binti wa tajiri, iliyongojewa tangu mvua za kwanza, alifunga mlango wa kibanda mchana kweupe, akakaa mbele na chaki na karatasi ya kaki, anachora mkono wa gauni. Miezi iliyofuata kila bibi harusi wa Nkuhungu aliingia kanisani na mkono ule. Nilipomwuliza kama sasa anazipenda, alinitazama kama nimemtukana.

"Nazitazama kama kuku anavyomtazama mwewe."

Alikuwa na adhabu yake kwa televisheni: aliigeuzia ukutani. Hakuizima. Sauti iliendelea, uso ukautazama ukuta kama mwanafunzi mtukutu. Alifanya hivyo siku ya mashindano ya kuimba, waamuzi walipomcheka binti mmoja mpaka akashuka jukwaani anatetemeka. Watu walipiga kelele wanataka kujua nani ameshinda.

"Sikilizeni, masikio mnayo," alisema. "Sura zao wazitazame mijusi."

Tena aliigeuza siku ya kichekesho cha ombaomba. Mnakijua kichekesho hicho, kimerudiwa kwa namna nyingi: mtu amevaa magunia, ameshika fimbo, anaongea Kiswahili cha kuvunjavunja, na jina lake siku zote ni la Kigogo. Kila akifungua mdomo, anaomba. Sisi watoto wa Dodoma tulicheka kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu usipocheka utaambiwa ni wewe. Elia alicheka mpaka akaanguka, akaanza kuiga. Aliinua kiganja mbele ya Fundi, "Nisaidie, mama, nisaidie."

Fundi hakumpiga. Alimpa mkasi.

"Shika. Kata hicho kitambaa hapo nilipochora. Mkono ukishika kitu hauwezi kukaa hivyo."

Elia alikata, akapinda mstari, akagombezwa kwa kuharibu kitambaa cha mtu. Ndivyo alivyokuwa: hakubembeleza mtoto hata siku moja. Rimoti ilikaa mfukoni mwake kama ufunguo wa benki. Mpira aliuita ujinga wa wanaume wazima kukimbilia ngozi, akawakatalia vijana wasiutazame kwake, na siku timu ya taifa ilipopiga penalti tulisikia kimya kile cha cherehani kupitia ukutani, tukajua ameufungua peke yake.

Lakini kilichotugombanisha hasa, yeye na mimi, ni filamu za yatima.

Zilikuwa nyingi, na zote zilifuata njia moja. Mama anakohoa mwanzoni. Kabla hujakaa vizuri, amezikwa. Anakuja shangazi mwenye kucha ndefu na midomo myekundu, anachukua nyumba, anamtuma yatima maji usiku, anamnyima chakula. Yatima anaimba peke yake kisimani. Gari jeusi linasimama, anashuka tajiri, kumbe ni rafiki wa marehemu. Shangazi anapiga magoti. Watu wanapiga makofi.

Mimi nilizipenda. Nasema waziwazi kwamba nilizipenda, maana palikuwa na mtu kwenye kioo aliyebeba ndoo kama mimi. Nyemo naye alizipenda, na zilimtia hofu. Alianza kuniuliza usiku kama shangazi yetu wa Haneti ana kucha ndefu.

Jioni moja Nyemo alilia kwa sauti shangazi wa filamu alipomwaga uji. Fundi alikanyaga pedeli mpaka uzi ukakatika.

"Mwongo!" aliifokea televisheni. "Mwongo mkubwa wewe!"

"Fundi, hayo mambo yapo," nilimjibu kwa ukali. "Wapo mashangazi wa hivyo."

"Wapo. Nani kakataa? Lakini mtu mbaya hata mbuzi anamkimbia, hahitaji filamu." Alilamba uzi, akautunga kwenye sindano. "Watu hawa wanakufundisha kumkimbia mbaya. Nani atakufundisha kumkatalia mtu mwema?"

Nilimwona mzee anayepayuka. Nikambeba Baraka, nikaenda zangu kulala.

Arobaini ya mama ilipofika, ukoo ulikuja kumaliza msiba. Kwetu siku hiyo si ya sala na chakula tu. Wakubwa hukaa wakapanga nani anamchukua nani. Shangazi alitoka Haneti na kuku wawili miguu imefungwa, na mlenda mkavu kwenye kitambaa. Kucha zake zilikuwa fupi, zimeingia udongo wa shamba. Alipoona kanga za mama kwenye kamba, alikaa chini akalia kilio ambacho filamu sijaisikia ikikitoa. Akainuka, akachota maji, akamwogesha Baraka mwenyewe, akamsugua hadi nyuma ya masikio. Nyemo alimtazama mikono muda wote. Mwisho akaenda kukaa pajani mwake.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Maana Shangazi na Baba Mdogo wa Chemba walikuwa wamekubaliana tangu njiani. Elia angekwenda Chemba kwa Baba Mdogo, kwenye mifugo. Nyemo angefuata Shangazi Haneti. Baraka angelelewa na mwalimu wa kanisa, ndugu yetu wa mbali, kule Kolo. Mimi ningetafutiwa kazi za ndani mjini, au mume. Hakuna aliyetaka kutuibia kitu. Hakukuwa na kitu cha kuibiwa. Walikuwa wanatugawana kama watu wanavyogawana mzigo mzito, kila mmoja abebe anachoweza.

Nilikuwa nimemwambia Fundi mapema habari ya kikao. Alisema, "Nitakuja," na alikuja. Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango na kifurushi chake, akatoa sare za shule za wadogo zangu watatu, zote za shule yetu ileile ya pale Nkuhungu, akaanza kuzipinda kwa mkono. Nilipomwona moyo ulitulia. Nilijua atasema. Mdomo ule uliokuwa ukishinda waamuzi na matajiri wa Kituruki, ungeshindwaje na Baba Mdogo?

Baba Mdogo alizungumza kwa upole. "Mwanangu, wewe mwenyewe bado mtoto. Hawa utawalisha nini? Maandazi?"

Nikamtazama Fundi. Katika filamu zote nilizowahi kuona, hapo ndipo mtu wa nje anaposimama. Fundi alikata uzi kwa meno, akageuza sare upande wa pili.

"Tunakusaidia, mwanangu," alisema Shangazi. "Hatukunyang'anyi."

Nikamtazama tena. Aliendelea kupinda. Wala hakuinua macho. Kuku mmoja alikuwa anajipigapiga kwenye kona, na mimi nikaelewa kwamba hakuna gari linalokuja.

"Baba Mdogo, Shangazi," nilisema, na sauti ilitoka ndogo, nikaianza upya. "Nawashukuru. Kuku nimepokea. Mlenda nimepokea. Watoto sitoi."

"Unasemaje?"

"Watoto sitoi. Tukigawanywa leo, Baraka hatamjua Elia. Atasikia tu kwamba ana kaka Chemba. Mkitaka kunisaidia, na ninaomba mnisaidie, nisaidieni wakiwa hapa."

Baba Mdogo alisimama. Upole ulikuwa umemtoka. "Binti wa kukataa wakubwa! Haya umefundishwa na televisheni ya huyu mama!"

Ndipo Fundi alipoinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Shemeji, televisheni ingemfundisha kulia."

Akarudi kwenye sindano yake.

Shangazi alivuta sare moja kutoka kwenye mkeka, ile ya Nyemo. Alikuwa mwanamke wa kushona viraka, anajua nguo. Akakunjua pindo, akalifuata kwa kidole. Fundi alikuwa amelikunja mara kadhaa kwa ndani, pindo nene kama mshipi, la kufumuliwa kidogo kidogo mtoto anavyorefuka. Hivyo ndivyo alivyoshona sare siku zote kwa wale ambao alijua hawatanunua nyingine karibuni. Lakini hizi alizikunja kupita kawaida.

"Hili ni la mpaka amalize darasa la saba," Shangazi alisema polepole.

"Kama atakuwa hapahapa," Fundi alijibu.

Shangazi aliikunja ile sare, akaiweka magotini. Akamwambia Baba Mdogo, "Kaa chini. Mimi nitaleta mtama baada ya mavuno." Na aliuleta, mwaka ule na miaka iliyofuata, juu ya magari ya watu, mpaka magoti yake yalipokataa. Baba Mdogo alikasirika misimu miwili, kisha akaleta mbuzi bila kusema neno, akamfunga mlangoni, akaondoka.

Jioni ya kikao kile nilimfuata Fundi nikiwa na hasira. "Kwa nini ulinyamaza? Nilikungoja!"

"Nilikuona."

"Sasa?"

"Ningesema mimi, ingekuwa filamu. Wangeondoka leo, wakarudi siku nisipokuwepo." Akaingiza bobini ya uzi chini ya sindano. "Wewe utakuwepo."

Sijui kwa nini jambo la ndugu kutenganishwa lilimshika vile. Wengine walisema naye alikuwa na wadogo waliogawanywa utotoni. Mwanachuo aliwahi kumwuliza mbele yetu sote, na jibu lake lilikuwa pedeli.

Mapindo yale yalifumuliwa moja baada ya jingine. Kila mwaka palibaki mstari hafifu kwenye sketi ya Nyemo, rangi imekolea pale palipokuwa pamefichwa, kama mistari ya mito inavyobaki mchangani kiangazi. Watoto walimcheka. Aliwaambia, "Hesabuni, mjue nimekua mara ngapi." Sasa ni muuguzi. Elia anachomelea mageti. Baraka yuko chuo, ni mrefu kuliko mlango.

Macho ya Fundi yalianza kufifia, sindano zikawa zinamkwepa, na binti yake akaja kumchukua kwenda Chemba. Cherehani aliniachia mimi. Ninakitumia, ingawa mwendo wangu ni wa watu wa kawaida.

Mwaka huu walikuja vijana wa televisheni. Wana kipindi cha maisha ya kweli, kile ambacho watu hulia halafu wakapiga simu kutoa michango. Walisikia habari za dada aliyelea wadogo watatu. Kijana wa kamera alifika, akaiangalia nyumba yetu ya tofali na bati, akanywea.

"Dada, ile nyumba ya zamani haipo?"

"Ipo. Wanakaa watu."

"Tunaweza kuiazima kidogo. Na kama una kitenge kilichochoka zaidi ya hicho. Viatu mvue wote, itapendeza. Halafu utuambie ndugu walivyowatesa. Shangazi, kwa mfano."

"Shangazi alituletea mtama."

Alitabasamu kwa adabu. "Sehemu hiyo tutaikata."

Elia alinivuta pembeni. "Dada, tungeonekana nchi nzima."

"Tungeonekana nani, Elia?"

Alivitazama viganja vyake. Nadhani alikumbuka mkasi.

Wiki ile ile nilipanda basi kwenda Chemba. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda sebuleni kwa binti yake, televisheni inasema, macho yake meupe yametazama dirisha. Mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga sakafu, kisigino, vidole, kisigino, vidole. Filamu ilikuwa ya hovyo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Usijitaje." Akasikiliza. "Unaburuza ndala kama zamani. Kaa. Huyo mwanamke anayelia, amevaa nini?"

"Gauni la njano."

"Limepauka?"

"Linang'aa."

"Nilijua tu, kwa sauti yake." Mguu ukaongeza mwendo. "Igeuze ukutani."

Niligeuza, nikamsimulia. Aliuliza maswali yake. Walitaka nivae nini? Kitenge kilichochoka. Ninacho? Nilikuwa nacho, nikakifanya tambara la kupigia deki. Alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia habari ya viatu. Nikamwambia kwamba Shangazi angekatwa yeye na mtama wake. Hapo hakucheka. Nyuma ya televisheni yule mwanamke aliendelea kuulilia ukuta.

"Halafu?" alisema.

"Basi, wakaondoka."

"Hujanifikisha mwisho. Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia nawashukuru. Chai mmekunywa. Hadithi sitoi."

Nilingoja aseme neno, kwa kuwa hajawahi kukosa neno. Nikateremsha macho nikautazama mguu wake, na ulikuwa umesimama.